Springi Ngumu, Mzigo Mwepesi

Ndugu msikilizaji, juma hili kijana mmoja wa hapa Mtwara aliyenunua Land Rover kuukuu ameniuliza swali: anunue springi gani? Dukani ameshauriwa achukue ngumu na ndefu kuliko zote, ili gari lisimame juu. Mimi si fundi, ni mtu wa maikrofoni. Lakini swali lake lina historia huku kusini, na historia hiyo naijua.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948. Wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha kuanza mpango wao wa karanga katika Tanganyika, na bandari ya Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea vilipangwa kwa ajili ya karanga hizo. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Korosho, chumvi na wagonjwa wakabaki kutegemea barabara za mchanga.

Land Rover za zama hizo zilikalia springi za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kama mikeka iliyopangwa. Ukitaka kubeba zaidi, fundi aliongeza chuma. Wanunuzi wa korosho waliongeza, na gari likabeba magunia bila kuinama. Msimu wa korosho ukiisha, vyuma vilibaki palepale.

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Msimbati. Usiku mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu, na mkunga akasema apelekwe mjini upesi. Gari lililokuwapo ni moja, la mnunuzi wa korosho, nalo lilikuwa tupu. Halikufika mbali. Kila tuta lilimrusha mama yule kutoka kwenye godoro, hata akalia, "Jamani nishusheni, nitatembea!"

Dereva, mzee wa makamo, akasimamisha gari. Akaita vijana wanane wapande nyuma, wakae pembeni mwa godoro. Springi zikapata uzito ziliotengenezewa, zikaanza kucheza. Tulipofika kwenye mchanga mzito, magurudumu yakazama kwa sababu ya uzito uleule. Vijana wakashuka, wakasukuma, wakapanda tena. Mara ngapi, sikumbuki. Mtoto alizaliwa mjini alfajiri, mzima.

Nilipokua ndipo nikaelewa kilichotokea. Springi hubeba mzigo, na shokapu huzuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kupiga shimo. Springi ikiwa ngumu kupita mzigo, haibonyei. Pigo lote hupanda juu kwa chasisi na kwa abiria. Ndiyo maana chasisi za magari mengi ya mizigo zilipasuka, wenyewe wakilaumu barabara.

Watengenezaji nao walibadilika. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na springi za kuzunguka, laini zaidi, na mwaka 1983 Land Rover yenyewe ikazifuata. Toyota Land Cruiser, ile tuiitayo mkonga, iliwekewa springi za namna hiyo mbele mwaka 1999, lakini nyuma ikabaki na vyuma bapa, kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Huo ndio uchaguzi wenye akili: kila upande na kazi yake.

Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mto Rufiji mwaka 2003, na lami kufika, gari la mtu binafsi huku hukimbia tupu siku nyingi kuliko zamani. Kwa hiyo, kijana wangu, jiulize kwanza gari lako hubeba nini siku za kawaida, si siku moja ya mavuno. Nunua springi za mzigo huo, na shokapu zinazolingana nazo. Usiliinue gari kupita kiasi. Likiwa juu mno hupinduka upesi, na mabomba ya breki huvutika. Ukienda Msimbati, punguza upepo wa matairi kabla hujailaumu springi.

Na siku ukiombwa kumpeleka mgonjwa usiku, utakuwa na gari linaloweza kumbeba bila kutafuta vijana wanane.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.