128: namba iliyotoka kwenye waya wa simu

Ukichukua programu ya kunakili CD kwenda kwenye tarakilishi, haikawii kukuuliza: kilobiti ngapi kwa sekunde? Kwa miaka mingi jibu lililokuwa limejazwa tayari lilikuwa 128, na wengi wetu tulibonyeza "sawa" tukaendelea na mambo mengine. Je, umewahi kujiuliza kwa nini 128 na si 100 au 150?

Tuanze na CD yenyewe, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kutoka kwa Sony na Philips. Inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, biti 16 kila kipimo, kwa spika mbili. Zidisha upate kilobiti 1,411 kwa sekunde. Sikio la binadamu hufika kama herzi 20,000, na kanuni inataka upime zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hivyo 40,000 na ushee. Lakini ile 44,100 hasa ilitoka kwenye kanda za video, kwa sababu ndizo zilizotumika kuhifadhi sauti za kidijitali studioni. Mistari 245 ya picha, mara 60 kwa sekunde, vipimo vitatu kila mstari. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa twende Erlangen, Ujerumani. Profesa Dieter Seitzer alitaka kupitisha muziki kwenye laini za simu za kidijitali, zile za ISDN. Ofisi ya hataza ilimkatalia ombi lake, ikisema jambo hilo haliwezekani. Akampa mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg, kazi ya kulichunguza. Laini ya ISDN ilikuwa na njia mbili, kila moja kilobiti 64. Mbili zikiunganishwa, unapata 128. Ndiyo hiyo! Namba haikuanzia masikioni, ilianzia kwenye waya. Ilibidi muziki ubanwe mara kumi na moja ili upite humo.

Walifauluje? Kwa kutupa kile ambacho sikio halikipati. Ukiwa ndani ya matatu yenye muziki wa kutikisa madirisha, simu ikilia mfukoni huisikii, ingawa inalia. MP3 hufanya hesabu hiyo mara nyingi kila sekunde: sauti gani imefunikwa na nyingine, basi isipewe biti. Brandenburg alijaribu mbinu yake kwa wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", sauti ya mwanamke peke yake bila ala yoyote, na matokeo yalikuwa mabaya sana. Sauti tupu haina pa kuficha makosa. Walirudia wimbo huo mara nyingi wakirekebisha. Kiwango kilichapishwa 1993, na jina la faili, .mp3, likachaguliwa tarehe 14 Julai 1995.

Kisha 128 ikazoeleka, kwa sababu nafasi ilikuwa ghali. Kichezeshi cha Rio PMP300 cha mwaka 1998 kilikuwa na megabaiti 32, yaani kama nusu saa ya muziki kwa 128. Wimbo wa dakika nne ulikuwa chini kidogo ya megabaiti 4, na kwa modemu ya 56k ulichukua dakika tisa kama laini ni nzuri (na ilikuwa nzuri lini?). Huku kwetu intaneti ilipitia setilaiti hadi nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, kwa hivyo hakuna aliyelalamikia faili ndogo. Diski moja tupu ilibeba albamu kumi. Nani angekataa?

Tatizo ni kwamba kilichotupwa hakirudi. Programu nyingi za wakati huo zilikata kila kitu juu ya herzi 16,000, na sauti kali za ghafla zilichafuka. Sikiliza kayamba au makofi kwenye faili ya zamani ya 128: husikika kama maji yanayomwagika. Na usidanganywe na faili ya 128 iliyogeuzwa kuwa 320. Imenenepa tu.

Wenye masikio na wenye hasira ndio waliotuokoa. LAME ilianza 1998 kama marekebisho ya programu ya mfano ya kiwango chenyewe, na ikaleta busara ya kutumia biti nyingi palipo na mengi na chache palipo kimya. Mwaka huohuo Fraunhofer walianza kudai ada za MP3, jambo lililomsukuma Chris Montgomery kuikaza kazi yake ya Vorbis, iliyotoka rasmi 2002. Ada hizo ziliisha 2017. Lakini kwangu mimi shujaa ni FLAC ya Josh Coalson, toleo la kwanza 2001. Yenyewe haitupi kitu. Inabana CD hadi kama nusu au zaidi kidogo ya ukubwa wake, na ukiifungua unapata biti zilezile, moja baada ya nyingine.

Juzi rafiki yangu aliniletea CD 63 za taarabu na rumba alizoachiwa na marehemu babake. Nyingine zilichomwa nyumbani, na rangi ya diski za namna hiyo huharibiwa na joto na jua. Aliuliza kama 128 inatosha, maana alitaka kusikilizia kwenye simu. Nilimwambia simu isimwamulie, kwa kuwa baadhi ya diski hizo hazitasomeka mara ya pili. Tukatoa FLAC kwanza, gigabaiti 22 zote pamoja, nakala mbili, moja ikaenda kwa dadake Voi. Kutoka kwenye hizo FLAC nikamtengenezea MP3 za simu kwa LAME, chaguo la -V 2, ambalo huzunguka kilobiti 190.

Diski mbili zilikataa kabisa. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo, tukatumia Exact Audio Copy, ambayo husoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha. Wimbo wa nne ulichukua dakika arobaini. Ulitoka mzima.