Lodi, Afande, Mheshimiwa

Lord Francis Scott alizaliwa mwaka 1879, mwana wa Duke wa Buccleuch. Akawa ofisa wa Grenadier Guards, akajeruhiwa vibaya vitani mwaka 1914, akahamia Kenya mwaka 1919. Lodi Delamere, kiongozi wa masetla wa Kizungu, alipofariki mwaka 1931, Scott ndiye aliyeshika uongozi wa wajumbe wa masetla katika Baraza la Kutunga Sheria. Maisha hayo yanaelezeka kwa dakika moja, lakini mtu anayeyaandika kwa Kiswahili akiwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anajikwaa kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

"Lodi" limeshazoeleka, ila linafunika watu wawili tofauti. Delamere alirithi cheo chenyewe, na Delamere ndilo jina la cheo hicho. Kwa Scott, cheo cha baba kilikwenda kwa kaka yake. Yeye aliachiwa adabu tu ya kuitwa Lord. Ndiyo maana Waingereza hulibandika neno hilo kwenye jina lake la kwanza: Lord Francis, kamwe si Lord Scott. Kiti katika Bunge la Malodi kule London hakuwa nacho.

Tofauti hiyo Mshi, mtu wa kabila la Bashi huku kwetu, haelezwi mara mbili. Mwami, yaani chifu, wa Luhwinja ni Naluhwinja, wa Kaziba ni Nakaziba, wa Kabare ni Nabushi. Ile "na" ni "mwenye": mwenye nchi. Ndugu za mwami ni baluzi (mmoja wao ni muluzi), wana damu ya ukoo lakini nchi hawana. Pwani nao walipita njia hiyo hiyo, "mwenye" wakamfanya "mwinyi", hadi Unguja ikawa na Mwinyi Mkuu wake. Basi Delamere ni mwinyi, Scott ni muluzi.

Tatizo, muluzi hayumo katika Kiswahili sanifu. Yumo mwungwana, lakini huyo kwanza ni mtu huru, asiye mtumwa, kisha ni mtu wa adabu. Hata fundi viatu anaweza kuwa mwungwana. Yumo pia kabaila. Zamani alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, basi. Azimio la Arusha la 1967 likamweka benchi moja na bepari, na tangu hapo hajasafishika. Kwa Scott, nakiri, neno hilo halimwonei sana. Shamba lake la Deloraine, kule Rongai, lilitokana na mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi wanajeshi waliotoka vitani, na Bonde la Ufa lilikuwa limeshaondolewa Wamaasai kwa mkataba wa 1904. Lakini nikiandika "kabaila" nimeshahukumu, na msomaji hatangoja ushahidi.

"Afande" ndilo gumu zaidi kwetu. Lilitoka kwa Waturuki, efendi, bwana msomi mwenye heshima zake. Likapita Misri, likaingia kwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliowaita hivyo maofisa wao. Bukavu lilivuma na vita vya waasi wa AFDL mwaka 1996. Ukimtaja afande hapa, mtu wa mtaa wetu wa Kadutu haoni kanali mstaafu anayechechemea shambani. Anaona bunduki na kizuizi cha barabarani. Kwa Scott nimechukua "ofisiye", Kifaransa chetu cha kila siku.

Limebaki "mheshimiwa". Waingereza wana Honourable wa kura, na wana Honourable wa kuzaliwa, mtoto wa baron ambaye pengine hajawahi kuomba kura ya mtu. Tusicheke. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inaacha nafasi chache za kuteuliwa katika bunge la jimbo, nazo huenda kwa machifu wa kimila, na mwami akishaapishwa ni Honorable kama wenzake waliozunguka mitaani wakigawa fulana. Scott alipigiwa kura, sawa, ila na Wazungu peke yao. Mwafrika wa kwanza katika baraza lile, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944 kwa uteuzi wa gavana. Kwa hiyo nimemwita "mjumbe wa masetla", kwa kuwa hao ndio waliomtuma.

Rasimu niliyopeleka inasema: muluzi wa Kiingereza, ofisiye mstaafu, mjumbe wa masetla. Mhariri amefuta "muluzi" akaandika "mtukufu". Nimemwambia mtukufu, kwa Wakenya, ni Rais Moi. Bado tunabishana.