Kufubaza

Kitenzi "kufubaza" kimetokana na "kufubaa", yaani kupoteza mng'ao au nguvu, kama rangi ya kanga iliyoanikwa juani siku nyingi. Nchini Tanzania, ARV huitwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kenya husikika zaidi "dawa za kupunguza makali". Kufubaza ndilo neno lililolenga vizuri zaidi, maana dawa hizi haziui virusi, bali huvizuia kuzaliana. Hapo seli za CD4, zinazoratibu kinga ya mwili na ambazo ndizo hushambuliwa, hupata nafasi ya kuongezeka. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 hadi 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata mwanya. Aliyechelewa sana kuanza dawa huenda asikifikie tena kiwango cha mtu mwenye afya, hata kama kipimo hakioni virusi. Navyo havijaisha: vichache hujificha ndani ya seli za CD4 zenye kumbukumbu, na dawa zikiachwa, kwa kawaida huibuka tena ndani ya wiki chache.