LTS ya Ubuntu si LTS ya Ndugu Zake: Historia Fupi

Wenye kompyuta kuukuu huuliza sana swali hili: mbona Ubuntu bado inapata masasisho, ilhali Xubuntu ya mwaka ule ule inasemekana muda wake umekwisha? Jibu limo katika historia, basi tuanzie mwanzo.

Ubuntu ya kwanza, 4.10, ilitoka Oktoba 2004. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliahidi toleo jipya kila miezi 6, na kila toleo kutunzwa miezi 18. Kwa msimamizi wa seva hiyo ilikuwa taabu, maana kila mwaka na nusu ilimbidi apandishe mfumo mzima. Ndipo Juni 2006 likaja 6.06, toleo la kwanza la LTS, yaani la kutunzwa muda mrefu: miaka 3 kwa kompyuta za mezani, miaka 5 kwa seva. Kuanzia 12.04, mwaka 2012, zote mbili zikapewa miaka 5. Matoleo ya kawaida nayo yakapunguzwa hadi miezi 9 kuanzia 13.04.

Sasa tuwatazame ndugu. Kubuntu, Xubuntu na Lubuntu huchota programu kutoka maghala yale yale ya Ubuntu. Tofauti ni nani anayetunza nini. Ghala la "main" hutunzwa na Canonical. Humo mna kaneli na OpenSSL. Ghala la "universe" hutunzwa na watu wa kujitolea. Humo mna Xfce, sura ya Xubuntu. Kwa hiyo kila ndugu huahidi muda ambao watu wake wanaweza kuubeba.

Mwaka 2008, kwa mfano, Ubuntu 8.04 ilikuwa LTS lakini Kubuntu 8.04 haikuwa. KDE ilikuwa inahama kutoka 3 kwenda 4: ya zamani inaaga, mpya bado mbichi. Mwaka 2012 Xubuntu 12.04 ilipata miaka 3, na Lubuntu 12.04 miezi 18 tu. Hata kwa 24.04, Ubuntu ina miaka 5, ndugu zake 3, yaani hadi Aprili 2027.

Hatari iko hapa. Miaka 3 ikiisha, apt haigomi. Masasisho ya "main" yanaendelea kuingia, nawe unadhani uko salama, kumbe tundu likipatikana katika Thunar huenda asiwepo wa kuliziba. Tangu 2023 Ubuntu Pro hufikisha masasisho ya usalama ya "universe" miaka 10, lakini lazima ujisajili, na bila malipo ni kwa matumizi binafsi, mwisho mashine 5. Maabara ya shule yenye kompyuta 30 haimo.

Kwa hiyo ukisimika Xubuntu au Lubuntu shuleni, hesabu miaka 3, usihesabu 5. LTS mpya hutoka kila miaka 2, basi una mwaka mmoja wa kuhama bila haraka. Panga kazi hiyo wakati wa likizo ya Desemba, na kabla ya yote andika "lsb_release -a" ujue uko toleo gani.