Malazi ya Msafiri wa Miguu kutoka Eyasi hadi Ngorongoro

Mang'ola iko upande wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, takriban mita 1,030 juu ya usawa wa bahari. Juu yake umesimama Oldeani, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, ambao jina lake la Kimaasai limetokana na mianzi. Nyuma ya Oldeani hufuata kreta ya Ngorongoro, kisha Olmoti, Loolmalasin na Empakaai. Anayetoka kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola akapanda hadi msitu wa mianzi huacha joto la bondeni na kukuta ukungu na baridi inayopenya mifupa. Njiani kuna simba, nyati na tembo. Kwa sababu hiyo, pa kulala pamekuwa jambo la kwanza kwa kila mtembeaji wa huku.

Miongoni mwa malazi ya kale ya huku ni jabali. Pango la Mumba, karibu na ziwa, lilichimbwa na mtafiti Margit Kohl-Larsen mwaka 1934 na tena 1938, na watafiti wengine wakalirudia miaka ya 1970. Udongo wake umelaliana tabaka juu ya tabaka kwa zaidi ya miaka 100,000. Ndani yake zimepatikana zana za mawe, mifupa ya wanyama na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Vizazi kwa vizazi vilijikinga chini ya jabali hilohilo, vikaota moto na kwenda zao.

Wahadzabe, wakazi wa Eyasi, wameuendeleza utaratibu huo mpaka sasa. Masika yakifika hulala chini ya miamba au katika vibanda vya nyasi, na kiangazi wengi hulala nje, pembeni ya moto. Kujenga kibanda ni kazi ya wanawake. Huchimbia matawi ardhini kwa duara, huyapinda na kuyafungamanisha juu, kisha huziba kwa mafungu ya nyasi. Kazi hiyo haimalizi hata nusu siku. Kambi ikihama, kibanda huachwa kioze mahali pake, maana kingine kitajengwa kule wanakokwenda. Ni ujenzi unaostahili heshima kubwa kuliko ile unayopewa na wapita njia, kwani hautaki msumari wala mpagazi.

Majirani zao walijenga kwa ajili ya kukaa. Wairaqw wa Mbulu na Karatu walichimba nyumba zao kwenye mteremko, paa la udongo likakaribiana na ardhi, ili adui asizione kwa mbali. Wadatoga waliishi Ngorongoro kwenyewe mpaka Wamaasai walipowaondoa katika karne ya 19, wakasogea kusini kuelekea Eyasi. Makaburi ya wakubwa wao yamebaki katika kreta, na wazee wa Kidatoga wameendelea kupanda huko kwa ajili ya matambiko. Miongoni mwa safari zote za miguu za eneo hili, hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa anayeifanya anarudi kwao.

Wengine waliifuata chumvi. Wasukuma walisafiri kwa misafara hadi Eyasi kuchota chumvi, na misafara hiyo ilikuwa bado ikienda miaka ya 1930.

Mwaustria Oscar Baumann aliufikia ukingo wa Ngorongoro tarehe 18 Machi 1892, akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi na mahema. Aliwakuta Wamaasai wakifa kwa njaa baada ya sotoka kuwamaliza ng'ombe. Baadaye ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walifuga na kulima ndani ya kreta hadi Vita Kuu ya Kwanza. Miaka ya 1930 vikajengwa vibanda vya magogo ukingoni, lakini wageni wake walifika kwa gari.

Kilimanjaro ilifuata njia nyingine. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga huko mabanda ya wapanda mlima na kuyapa majina ya Bismarck na Peters. Leo yanaitwa Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Kichaga, na banda la Kibo liko juu yake, kwenye mita 4,700 hivi. Meru nayo ina mabanda ya Miriakamba na Saddle. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hujua tangu asubuhi kitanda chake cha usiku kiko wapi.

Nyanda za juu za Ngorongoro hazikupata mlolongo wa mabanda kama huo. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959, eneo lilitengwa kwa wanyama pamoja na wafugaji, na kutembea kwa miguu kukawekewa masharti. Anayetoka Nainokanoka kupitia Bulati hadi Empakaai, kisha kushuka Ngare Sero, husindikizwa na askari mwenye bunduki. Punda wa Wamaasai humbebea mizigo, na usiku hulala hemani. Kutembea peke yake hakuruhusiwi.