Moto wa Kiangazi na Hifadhi ya Ngitili

Wapo wanaodhani kwamba katazo la kuchoma nyika wakati wa kiangazi lilianza na serikali na sheria zake. Historia ya Usukuma yatufundisha vingine.

Tangu zamani wafugaji wa Kisukuma walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho iitwayo ngitili. Mvua zilipoanza, ng'ombe waliondolewa humo ili nyasi zikue; kiangazi kilipoyamaliza malisho mengine, ndipo ngitili ilipofunguliwa. Akiba hiyo ya nyasi kavu iliweza kuteketezwa na cheche moja kwa muda wa mchana mmoja. Kwa hiyo aliyewasha moto ovyo hakuunguza majani matupu, bali aliwanyang'anya jirani zake chakula cha mifugo yao.

Katika miaka ya 1920 moto ulipewa kazi nyingine. C.F.M. Swynnerton, aliyepambana na mbung'o huko Shinyanga, alitaka watu wasichome nyasi mapema. Moto uwashwe kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ili ukali wake uangamize vichaka walimojificha wadudu hao waletao malale. Katazo lilikuwepo, lakini shabaha yake ilikuwa kuondoa vichaka, wala si kuvihifadhi. Ufyekaji uliofuata, pamoja na upanuzi wa mashamba ya pamba na wingi wa mifugo, uliiacha sehemu kubwa ya Shinyanga bila miti.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana rasmi zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mafanikio hayo hayakuletwa na wataalamu peke yao. Mikutano ya jadi iitwayo dagashida ilitunga kanuni za kuzuia moto na malisho ya wizi, sungusungu wakalinda, na mkosaji akatozwa faini mbele ya wenziwe.

Leo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo imeweka masharti ya kuchoma mimea, na hapana budi yafuatwe. Lakini moto wa kiangazi hukimbia na upepo, haumngoji ofisa afike. Anayeuwahi ni jirani, naye huuwahi kwa sababu nyasi zinazoungua ni za ng'ombe wake. Huo ndio urithi wa ngitili, nasi tunapaswa kuwafundisha vijana wetu.