Kampuni ya Mfukoni na Mchezo wa Televisheni

Ulaghai wa kampuni ni jambo gumu kulionyesha katika mchezo. Mwizi wa kuku huonekana akiruka ua. Mwizi wa kampuni hutia saini karatasi, akapeana mikono na wenyeji wake, akaenda zake kwa heshima. Hata hivyo, michezo ya televisheni ya namna hii imeshamiri katika nchi nyingi. India ilitoa Scam 1992 mwaka 2020, juu ya dalali wa hisa Harshad Mehta. Marekani ikatoa The Dropout mwaka 2022, juu ya kampuni ya Theranos, iliyodai kupima maradhi mengi kwa matone machache ya damu. Katika Tanzania, mchezo mkubwa wa aina hiyo haukuandikwa na mtunzi yeyote. Ulionyeshwa kutoka Dodoma, katika ukumbi wa Bunge, Februari 2008, na wachezaji wake wenyewe hawakuujua mwisho wake.

Nchi ya Ugogo ilikwisha kuona shirika kubwa likianguka kabla ya hapo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000, sehemu kubwa Tanganyika, kwa gharama iliyokisiwa kuwa paundi milioni 25 hivi. Wazo lilitoka kwa Frank Samuel wa United Africa Company, na kazi ikaanza Kongwa, kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Dodoma. Wagogo waliijua mvua yao haba, na udongo wao ambao kiangazi huugeuza kuwa mgumu kama saruji. Lakini ujuzi huo haukuingia katika mahesabu ya London. Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara iliyofutwa ilikuwa paundi milioni 36 hivi. Haukuwa ulaghai, bali kiburi na haraka. Hata hivyo jambo moja lapasa kukumbukwa: mashtaka na majibu yote yalisemwa katika Bunge la Uingereza. Mkulima wa Kongwa aliyaona matrekta yakija na kuondoka. Hoja za kuja na kuondoka kwake hakuzisikia.

Miaka 57 baadaye mambo yaligeuka. Televisheni, iliyoanza Zanzibar mwaka 1973 na Bara mwaka 1994, ilikwisha kufika mitaani, na Bunge lilikuwa katika ukumbi mpya uliofunguliwa Dodoma mwaka 2006. Mwaka huohuo ukame ulipunguza maji ya mabwawa ya umeme, likiwamo la Mtera, lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa, na umeme ukawa wa mgawo. Mwezi wa Juni kampuni iitwayo Richmond ilipewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 za dharura. Mitambo haikufika kwa wakati, na mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake iliposomwa tarehe 6 Februari 2008, maneno mawili yalienea vinywani mwa watu: kampuni ya mfukoni, yaani kampuni isiyo na mtaji, wala mitambo, wala ujuzi, ambayo mali yake yote ni jina na karatasi. Siku ya pili Waziri Mkuu, Bw. Edward Lowassa, alisimama akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Mawaziri wawili walimfuata, na Baraza zima likavunjwa.

Yote yatakiwayo katika mchezo yalikuwapo: siri, fumbuo, na anguko la mkubwa. Lakini kulikuwa na pengo. Kizota iko magharibi ya mji wa Dodoma, kandokando ya barabara iendayo Singida, nayo ni mahali pa maghala ya nafaka, viwanda na karakana. Kutoka hapo hadi Bungeni si safari ndefu. Mtu wa mahali pa namna hii huujua umeme kama mfanyakazi mwenziwe: usipokuja kazini, mashine ya kusaga husimama, fundi wa kuchomea vyuma hukaa kivulini, na kibarua wa kutwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Hao ndio waliolipa bei ya kungoja mitambo isiyofika. Lakini katika mchezo wa Februari 2008 hawakuwa na sehemu ya kusema. Kamera ilimwelekea Spika Samuel Sitta, mwenyekiti wa kamati na mawaziri. Watazamaji walimwona mkubwa akianguka. Aliyetangulia kuanguka hakuonekana.

Wala mchezo haukwisha pale. Novemba 2010 wasuluhishi wa ICC waliamua kwamba TANESCO iilipe Dowans kiasi cha shilingi bilioni 94 kwa kuvunja mkataba. Bunge lilikuwa limepima aibu. Wasuluhishi walipima karatasi. Novemba 2014 ukumbi uleule ulionyesha mchezo wa pili, wa shilingi bilioni 306 za akaunti ya Tegeta Escrow, kwa taarifa ya kamati iliyoongozwa na Bw. Zitto Kabwe. Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba televisheni ya Taifa, TBC, haitarusha tena mijadala yote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama.

Hapo ndipo yaonekana kazi ambayo mchezo wa kutungwa waweza kuifanya, na ambayo Bunge haliwezi. Katika Uingereza, kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo vya posta walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uwongo, hali kosa lilikuwa la mtambo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Habari ziliandikwa tangu 2009, na mahakama iliamua upande wao 2019. Lakini taifa halikutikisika mpaka Januari 2024, ulipoonyeshwa mchezo wa Mr Bates vs The Post Office. Mei mwaka huohuo sheria ilipitishwa ya kufuta hukumu zile. Mchezo haukufumbua siri mpya. Uliwaweka mbele walioumia, na wakubwa wakakaa pembeni.

Jukwaa la Kiswahili halikosi uwezo huo. Lina Ubani, mchezo wa Penina Muhando uliotolewa mwaka 1984, ulikwisha kuwaleta pamoja wailao nchi na waumiao kwa kuliwa kwake. Maneno ya Februari 2008 yamo katika kumbukumbu rasmi za Bunge, tayari kwa mtunzi atakayeyataka. Yasiyomo humo ni yale ya Kizota mwaka 2006: mashine iliyonyamaza, foleni ya akina mama wenye mahindi yao, na kibarua aliyeambiwa arudi kesho. Mtunzi wa mchezo huo afadhali aanzie hapo, ndipo aingie Bungeni.